Reverien Aliyewahi Msiba

Kasulu ya mwaka 2012, ukitaka kuoa na watu wacheke, ulimtafuta Reverien. Ukitaka kuoa na watu wasinzie, hiari yako, washereheshaji wengine walikuwepo tele. Reverien alikuwa mtu mfupi kutoka Muyama, darasa la saba, mwenye koti moja la bluu la kazi na sauti kubwa kuliko kifua kilichokuwa kinaitoa. Hakuwa na mwajiri, hakuwa na ofisi, hakuwa na kibao barabarani. Akiamka asubuhi hajui kama kuna kazi, na bado watoto wake walikuwa wanakula mchana.

Wenzake walichapisha kadi zenye picha zao wameshika kipaza sauti. Wakazigawa harusini kama pipi, na baada ya wiki ukazikuta zimewekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Reverien hakuwahi kuchapisha kadi.

"Harusi haipatikani harusini," alikuwa anamwambia rafiki yake Didas. "Harusini watu wameshiba, hawakuoni. Nenda msibani. Msibani mtu anakumbuka mpaka kufa kwake nani alimshika mkono."

Na kweli ndivyo alivyofanya. Mtu akifa Murubona, Reverien yuko pale na mzigo wa kuni begani. Akifa mtu Mwilamvya, Reverien keshavua shati anachimba kaburi. Anachota maji, anapasua magogo, analala nje na wanaume kwenye baridi ile ya huku milimani, anawapigia hadithi kando ya moto ili wasigande. Kazi yake haitaji hata kidogo. Miezi inapita, matanga yamekwisha, familia ile ile inakaa kikao cha harusi ya binti. Wanafika kwenye swali la MC, na shangazi mmoja anasema, "Yule aliyemchimbia mama kaburi na mvua inanyesha, siye MC yule?" Imekwisha. Kadi ya nini?

Didas yeye alikuwa mpiga video, mrefu, mpole, mwenye kamera aliyoibeba kama mtoto mchanga mwenye homa. Aliyemwita Reverien aliletewa Didas pia, aliyemwita Didas aliletewa Reverien pia. Walikuwa kama kobe na gamba, hununui kimoja. Wao kwa wao hawakuitana majina. Huyu "Kamera," yule "MC."

"Ila MC, wewe unatisha," Didas alikuwa anamtania. "Mtu akikuona unakata kona na jembe, anajipapasa kwanza kama moyo bado unapiga."

"Acha wajipapase. Wakikuta unapiga, si watacheka?"

Basi ikaja 2013. Buhigwe ilikuwa imekatwa kutoka Kasulu ikawa wilaya yake yenyewe, na maofisa wakahamishiwa huko na mafaili yao na magodoro yao. Miongoni mwao alikuwamo William, mtoto wa Mzee Melkiadi wa Murubona. William alikuwa amepata cheo, na alikuwa amemposa mwalimu mmoja, Elieth, aliyeletwa huku na serikali kutoka Bukoba. Hebu fikiria harusi hiyo. Wilaya mpya nzima itakaa chini ya turubai moja: madaktari, walimu, watu wa ardhi, watu wa mifugo, wote vijana, wote wageni, wote hawajaoa. Kwa mtu asiye na mwajiri, harusi ya namna hiyo ni shamba la mbegu. Ukisema vizuri siku ile, miaka mitano hulali njaa.

Kikao cha kwanza kilikuwa bado kukaa. Na Mzee Melkiadi, baba yake William, alikuwa mgonjwa.

Siku moja asubuhi walimrudisha Mzee kutoka hospitali. Shangazi wawili wa William walikuwa wametoka kijijini kumpokea, na walipoona wanaume wanamshusha kwenye gari, mifupa mitupu, wakaangua kilio. Mwendesha bodaboda mmoja alikuwa anapita. Akasikia kilio, akaona gari, akaona mtu amefunikwa blanketi, akapeleka habari kijiweni. Kijiweni walimuua Mzee, wakamwosha, wakamvisha. Habari ilipomfikia Reverien, kilichokuwa kimebaki ni kuzika tu.

Siku nyingine zote Reverien alikuwa na desturi yake. Kabla hajanyanyua jembe, anampigia simu mtu wa ndani ya nyumba, anasikiliza sauti. Siku ile hakupiga. Alijua vizuri kwa nini hakupiga: alitaka William akifika kutoka Buhigwe amkute yeye wa kwanza, jasho linamtoka. Akanunua kuni njiani, akafunga jembe na sururu nyuma ya bodaboda, huyo.

Akaingia uani kwa mwendo ule wa msiba, kichwa kimeinama, kofia mkononi. Akatua mzigo wa kuni. Akainua macho.

Mzee Melkiadi alikuwa amekaa juani kwenye kiti, blanketi mabegani, anakunywa uji.

"Mwakeye, Mzee," Reverien akasema. Ndiyo salamu iliyomtoka, ile ya Kiha ya asubuhi, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na adabu kuliko kichwa chake, ikapiga makofi ya salamu kama kawaida.

Mzee akamtazama. Akatazama kuni. Akatazama jembe.

"Mwakeye, mwanangu. Umetuletea kuni."

"Za kuchemshia maji, Mzee. Nimesikia mgonjwa amerudi."

"Na sururu ni ya kuchemshia nini?"

"Aa, hii nilikuwa napita nayo tu. Nakwenda kwenye kibarua."

"Cha kuchimba."

"Ndiyo, Mzee."

"Unamchimbia nani?"

Mtu huyu alikuwa amesimama mbele ya wakuu wa wilaya akawachekesha mpaka wakashika mbavu. Pale aliitazama sururu yake. Mzee Melkiadi akaanza kucheka, akacheka mpaka uji ukamwagika kwenye blanketi na kikohozi kikamshika.

"Kaa," akasema alipopata pumzi. "Kaa unywe uji. Shimo halina haraka. Ila usiende mbali sana."

Mzee alicheka. Mama William, mkewe, hakucheka. Aliziokota zile kuni akazitupa nje ya uzio, moja moja, huku Reverien ameshika kikombe cha uji.

Wiki haikuisha Mzee akafariki.

"Nifanye nini, Kamera?" Reverien akamuuliza Didas.

"Usipokwenda watasema umekimbia. Ukienda watasema umefuata chako."

"Kwa hiyo?"

"Twende. Mimi nitakuwa upande wako wa kulia, wakirusha kitu kinipate mimi, mimi mrefu."

Wakaenda. Makaburini Reverien akashika jembe kama siku zote. Mdogo wake marehemu akaja, akamtoa jembe mkononi taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu.

"Pumzika," akamwambia. "Wewe ulishachimba."

Basi zile njia zilizokuwa zinapeleka jina lake jema, hazikuhitaji kufyekwa upya. Shangazi wale wale, vikao vile vile, kijiwe kile kile. Zilivyokuwa zinatembea sifa ndivyo lilivyotembea jambo hili, na hili lilikuwa jepesi, lilikimbia. Reverien anajua nani atakufa. Baadaye kidogo: Reverien akikanyaga kwako na una mgonjwa, huna mgonjwa. Walimu na madaktari waliotoka mikoa mingine walisema hawaamini mambo hayo. Walisema hawaamini, na wakamchukua MC mwingine, kwa sababu mambo usiyoyaamini nayo hayana haja ya kuletwa harusini.

Kwenye kikao cha William jina lake lilitajwa mara moja. Didas alikuwepo, kamera ilikuwa imeshakubaliwa. Mama William akasema kutoka kwenye mkeka, "Mtu aliyempimia mume wangu kaburi akiwa anakunywa uji, ndiye asimame mbele ya mkwe wangu?" Didas akajibu kwamba mtu huyo alikosea habari, hakukosea moyo. Wakapita kwenye vinywaji.

Mwaka 2014 ulimkuta Reverien amekaa kibarazani kwake. Utani ulikuwepo, maana watu wa Kasulu hawaachi utani hata kwenye jambo linaloua. Ati mgonjwa wa malaria akimwona Reverien anapita, anapona ghafla anaamka kufunga mlango. Alicheka nao. Nyumbani hakucheka. Mkewe Maximilla alianza kuuza ndizi za kuchoma stendi, na lile koti la bluu likakaa msumarini mpaka mabega yakafifia kwa jua la dirishani.

Na Didas alikuwa hasikii. Kila alipoitwa kupiga video alisema, "MC wangu ni Reverien." Watu wanasema tutakujulisha, na hawamjulishi. Reverien alipogundua, alimfuata mpaka kwake.

"Kamera, acha kunitaja."

"Nikiulizwa MC niseme nani?"

"Sema Majaliwa."

"Majaliwa? Yule anayeanza kucheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe?"

"Atajifunza. Una mke, una kamera ya mkopo. Unanibeba, na mimi mzito."

"Wewe mfupi, huna uzito wowote."

"Nakwambia acha kunitaja, Didas."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita jina lake. Didas aliitazama kamera yake muda mrefu, akaifuta lenzi ambayo haikuwa na vumbi, akasema sawa. Tangu hapo akaenda na Majaliwa, na kazi zikarudi kwake. Reverien alifurahi. Alifurahi kama mtu anavyofurahi jirani akipata mvua.

Mwanzoni mwa 2015 akahamia Kibondo na mkewe na watoto, kwa shemeji yake, kulima maharage. Kibondo walikuwa hawajamsikia, au waliosikia walidhani ni Reverien mwingine. Kisha mwaka ulipoelekea mwisho, wakimbizi Warundi wakaletwa kwenye kambi ya Nduta kwa mabasi, na shirika moja likawa linatafuta mtu mwenye sauti wa kutangaza kwenye foleni. Mrundi anaposikia Kiha, lugha dada ya Kirundi, ni kama kusikia mtoto wa mama mdogo. Reverien akapata kipaza sauti tena. Ile sauti iliyokuwa inaita bibi harusi aingie, sasa ilikuwa inaita wenye watoto wachanga wapite mbele kwenye uji. Alishindwa kujizuia, akawa anawaingiza watu kwenye foleni kwa madaha kama maharusi, na bibi mmoja aliyekuja na godoro kichwani alicheka, labda kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka.

Mwezi wa Novemba Didas akapiga simu.

"MC. Ini limevimba. Wamenirudisha nyumbani."

Reverien akatoka pembeni ya foleni. "Wamesemaje?"

"Wamesema nirudi nyumbani. Sikiliza, njoo unione. Wanaokuja hapa wote wanaongea kama wako kanisani. Njoo unisimange kidogo."

Akaomba ruhusa, akapanda basi la alfajiri. Barabara ya Kibondo unaijua, unapanda ukiwa mweusi unashuka mwekundu wa vumbi. Kutoka stendi ya Kasulu alikwenda kwa miguu, anapita vichochoro vya nyuma. Alipofika kwenye uzio wa minyaa wa Didas, akakutana na Esteri, mke wa Didas, anatoka kisimani na ndoo kichwani.

Esteri alipomwona alisimama. Akashusha ndoo.

"Shemeji," akasema.

"Shemeji Esteri. Anaendeleaje?"

"Leo amekula. Amekula ndizi nzima." Halafu akapiga magoti pale pale kwenye vumbi, akakutanisha viganja, akavipiga polepole, kama wanawake wa Kiha wanavyomwamkia mtu mzima wanapotaka jambo zito. "Shemeji, sikufukuzi. Mimi mwenyewe mambo hayo sijui kama nayaamini. Lakini mama yake yumo ndani, na shangazi zake wamo. Ukiingia, halafu likitokea la kutokea, watasema Esteri ndiye aliyemfungulia."

"Ameniita mwenyewe."

"Najua. Nilikuwa nimemshikia simu."

"Basi nisimame mlangoni tu."

"Amekula leo, shemeji," akasema Esteri, na machozi yakaanza. "Ndizi nzima. Jana hakula."

Reverien alimtazama mwanamke huyo aliyepiga magoti. Angeweza kumpita, njia ilikuwepo. Akamwinua, akamsaidia ndoo kichwani. Halafu akazunguka nyuma ya uzio, upande wa dirisha la chumba, akachuchumaa kwenye minyaa, akatoa simu.

"MC," Didas akapokea. "Umefika wapi?"

"Niko Kibondo bado, Kamera. Nimekosa gari leo."

Ilibidi aseme chinichini, mkono umefunika mdomo. Ile sauti yake yote aliimeza. Jirani kulikuwa na mashine ya kusaga, kuukuu, inayosaga kidogo inakata, inasaga inakata. Didas akaisikiliza.

"Mashine ya Kibondo nayo inakohoa kama ya hapa kwetu?"

"Mashine zote zina kifua, Kamera. Ni vumbi la unga."

Ndani mtu akasogeza kiti.

"Basi," Didas akasema. "Nisimange huko huko uliko."

Reverien akamsimanga. Alimwambia ini limevimba kwa sababu ya kula pilau za harusi za watu miaka yote bila kutoa zawadi. Alimwambia ile video ya mwalimu mkuu, alipiga viatu vya bwana harusi nusu saa, ati kamera ilikuwa imelala. Alimwambia Majaliwa anamsalimia na ameanza kucheka tayari. Na Didas akacheka. Kicheko kilitoka kwanza dirishani, dhaifu, kikapita juu ya minyaa, ndipo kikafika kwenye simu, kikamwingia Reverien sikioni mara ya pili.

"Inatosha," Didas akasema. "Mbavu zinauma. Nenda kawahi gari."

Reverien akabaki amechuchumaa mpaka mashine ilipozimwa. Akarudi Kibondo na basi la mchana.

Siku zilizofuata aliita foleni kama kawaida. Simu ya Esteri ilimkuta na kipaza sauti mkononi.

"Shemeji, amekwenda," Esteri akasema. "Sasa unaweza kuja."

Alikwenda. Aliwakuta wameshachimba, wameshazika hata, maana safari hii hakuharakisha. Mama yake Didas alimpa mkono. Akakaa kwenye benchi na wanaume, mgongo umeegemea ukuta wa kile chumba. Alitegemea watu wasogee mbali naye. Hakuna aliyesogea. Mmoja akampa kikombe cha kahawa, mwingine akamuuliza hali ya Kibondo na bei ya maharage. Majaliwa alikuwepo, macho mekundu, hachekeshi mtu.

Baada ya muda William akaja, yule mtoto wa Mzee Melkiadi, tumbo la cheo limeshatokeza. Akajibana kwenye benchi karibu naye, akamshika goti.

"Kaka Reverien, pole sana."

"Nimeshapoa."

"Unajua watu hapa walikuwa wanangojea waone." William akashusha sauti. "Na wameona. Didas ameugua muda wote huo, wewe uko zako Kibondo, hukukanyaga hapa hata siku moja. Na amekufa. Kwa hiyo siyo wewe. Hata mama yangu amesema jana, kwa mdomo wake, tulimwonea mtoto wa watu. Angekuwa yeye ndiye analeta kifo, huyu Didas asingekufa bila yeye kuja."

Alisema kama mtu anayeleta zawadi, na kwa kweli alikuwa ameileta. Miaka miwili Reverien alikuwa ameitamani. Ng'ambo ya uwanja Esteri alikuwa amekaa kwenye mkeka na wanawake, khanga imefunika kichwa. Alikuwa amesikia, au alikuwa ameona midomo. Alimtazama Reverien moja kwa moja, hakukwepesha macho. Hakumwomba kitu safari hii.

Neno moja tu lilikuwa linatakiwa. Nilikuja. Nilikuwa pale, nyuma ya dirisha, na nilimsikia anacheka. Watoto walikuwa Kibondo wanakula maharage mwezi wa kumi sasa. Maximilla alikuwa na vidole vilivyoungua kwa ndizi za stendi. Na upande wa pili wa ukuta aliouegemea, kitanda kilikuwa kimeshatolewa.

"Mdogo wangu anaoa," William akaendelea. "Mambo makubwa, Buhigwe nzima inakuja. Nimesema kwenye kikao, MC ni Reverien, na hakuna aliyepinga. Desemba."

Reverien akanywa kahawa. Ilikuwa imepoa.

"Desemba tarehe ngapi?" akauliza.